Kinachorudi ni nini hasa? Kwa kijana aliyeshambuliwa kwenye grupu kwa kuandika habari za roho

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, mama yangu alifariki mwaka jana. Baada ya msiba rafiki akaniingiza kwenye grupu la watu wanaojadili roho na maisha baada ya kifo, wako kama 60, wengi wamesoma sana. Wiki ya kwanza nikaandika kwa urefu kwamba naamini mtu akifa roho inarudi kwa mwili mwingine, maana tangu utoto nina kumbukumbu ya nyumba yenye mlango wa bluu ambayo sijawahi kuishi, alafu mtoto wa dada ana miaka mitatu na juzi kasema 'nilivyokuwa mkubwa nilikuwa na gari'. Walinishukia vibaya. Mmoja ananiuliza unamaanisha roho au nafsi, mwingine anasema Wabudha hawaamini roho lakini wanaamini kuzaliwa upya (sasa hiyo inawezekanaje?), mwingine anasema hayo mambo yalikuwemo kwenye Biblia yakatolewa. Kuna mmoja kanifuata inboksi, anasema nikimlipa atanirudisha maisha yangu ya nyuma na huko naweza kumuona mama. Nimekaa kimya wiki tatu nasoma tu. Nimelelewa kanisani na naogopa nimeanza kupotea. Niondoke? Na ukweli ni upi?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili na naona kuna mambo matatu umeyafunga kwenye kamba moja: unamkumbuka mama, unataka kujua roho inaenda wapi, na una aibu ya kushukiwa mbele za watu. Tukiyaacha yamefungana hivyo hakuna hata moja litakalokaa sawa, maana kila mtu akikupinga kuhusu roho wewe unasikia kama kamgusa mama. Ngoja tuyafungue taratibu. Nitaanza na hilo la kushukiwa, maana ukilielewa na hayo mengine yanafunguka.

Yule aliyekuuliza "roho au nafsi" inawezekana aliuliza kwa kejeli, sijui, sikuwepo. Lakini swali lake ni zuri kuliko yote uliyopata siku ile. Nimefundisha somo la dini na falsafa kwa miaka mingi, na kuna siku siisahau, wanafunzi wawili walibishana darasani karibu saa nzima kama roho inakufa au haifi, mmoja kasimama kabisa, sauti juu. Nikawapa kila mmoja kipande cha karatasi, nikawaambia andika kwa mstari mmoja, roho ni nini. Mmoja akaandika "pumzi ya Mungu ndani ya mtu." Mwenzake akaandika "tabia yangu na akili yangu, vile nilivyo." Basi saa nzima walikuwa hawabishani hata kidogo, kila mtu alikuwa anaongelea kitu chake! Karatasi zile nilikaa nazo muda mrefu kwenye daftari langu.

Na sisi tunaoongea Kiswahili tuna kazi zaidi, kwasababu neno roho tumelibebesha mizigo mingi. Mtu akifa tunasema amekata roho. Mchoyo ana roho mbaya. Ukiona mtu anateseka roho inakuuma. Ukiwa na wasiwasi roho inakuwa juu. Hapo una uhai, tabia, huruma na hofu, vyote vimeitwa roho. Nafsi nayo ni hivyohivyo, mara ni mtu mwenyewe, ndo maana tunasema mimi binafsi na tunasema ubinafsi, mara ni yale matamanio ya ndani ambayo mtu anapigana nayo. Yote mawili tumeyapata kwenye Kiarabu, na huko pia wanazuoni wameandika sana kuhusu tofauti ya ruhu na nafsi bila kukubaliana wote. Hata "kuzaliwa upya" ni mtego. Kwa mtu wa kanisani kuzaliwa mara ya pili ni kuokoka, yale maneno ya Yesu na Nikodemo kwenye Yohana sura ya 3, na wewe uliandika ukimaanisha kufa na kurudi kwa mwili mwingine. Sijui ni wangapi kati ya wale 60 walikusoma vibaya kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama roho inarudi au hairudi, uliza kwanza: kinachorudi ni nini? Hili ndo swali ningependa ulibebe kila unapoingia kwenye mjadala huu, maana watu walioamini kurudi kwa maelfu ya miaka hawajawahi kuwa na jibu moja.

Wahindu wengi watakwambia kinachorudi ni atmani, ile nafsi ya ndani kabisa isiyozaliwa na isiyokufa. Kwenye Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, sura ya 2 kuna mfano maarufu, kama mtu anavyovua nguo zilizochakaa akavaa mpya, ndivyo huyo wa ndani anavyoacha mwili uliochakaa akaingia mwingine. Nadhani wewe ulipoandika ulikuwa na picha hii kichwani, ya mtu na nguo. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, wana ya kwao, kwao hata karma, yaani matokeo ya matendo ya mtu, ni kitu halisi, kama vumbi laini sana linaloganda kwenye roho na kuipa uzito. Wadruzi, jamii ya kidini ya Lebanon na Syria, wanaamini mtu akifa anazaliwa papohapo, binadamu kwa binadamu. Kwa Wayoruba wa Nigeria mtoto anaweza kuitwa Yetunde, maana yake mama amerudi, au Babatunde, baba amerudi, lakini huyo bibi aliyerudi bado anahesabiwa yuko na wahenga huko, na anaweza kurudi kwa wajukuu zaidi ya mmoja. Ukiichukua picha ya nguo ukaileta hapa inakwama, mtu mmoja atavaaje nguo tatu kwa wakati mmoja na huku bado amekaa nyumbani?

Sasa Wabudha, ambao ndo wamekuchanganya, na haki yako kuchanganyikiwa maana hata mfalme alichanganyikiwa. Kuna kitabu cha zamani cha Kibudha kiitwacho Milindapanha, ni mahojiano kati ya mfalme Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini magharibi ya India karne ya 2 kabla ya Kristo, na mtawa aitwaye Nagasena. Mfalme anauliza swali lako hilihili, kama hakuna kinachohama mtu anazaliwaje tena? Nagasena anamuuliza, mtu akiwasha taa kwa moto wa taa nyingine, kuna kitu kimetoka taa ya kwanza kikahamia ya pili? Sehemu nyingine anatumia maziwa. Maziwa yakiachwa yanakuwa mtindi, mtindi unatoa siagi, siagi inakuwa samli. Mtu akisema samli ni maziwa amekosea, na akisema samli haina uhusiano na maziwa amekosea pia. Hakuna kipande kigumu cha "umaziwa" kilichosafiri toka mwanzo hadi mwisho, ila kila hatua imezaa inayofuata. Ndo Wabudha wanavyoona mtu, hata sasa hivi ukiwa hai, wewe wa leo na wewe wa miaka mitatu. Wanachokataa ni ile nafsi isiyobadilika. Mwendelezo hawaukatai. Kwahiyo aliyekwambia hawaamini roho alisema kweli nusu, akakuacha na nusu ngumu.

Kuna mtu mwingine wa kumjua, John Locke, mwanafalsafa Mwingereza. Kwenye toleo la pili la kitabu chake kikubwa kuhusu ufahamu wa binadamu, mwaka 1694, aliongeza sura nzima kuhusu nini kinamfanya mtu abaki kuwa yuleyule, na anasimulia kwamba aliwahi kukutana na mtu aliyeamini roho yake ilikuwa ya Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Locke hakumcheka. Aliuliza tu, kama huyu hakumbuki hata jambo moja alilofanya Socrates wala kuliwaza, kuna maana gani kusema yeye ni Socrates? Hata tukikubali roho ni ileile, mtu sio yule. Kwangu hili ndo swali zito kuliko yote kwenye mada hii na linakuhusu wewe moja kwa moja, kwasababu unachotamani, nikikusoma vizuri, sio kwamba kuna kitu cha mama kiendelee mahali fulani bila kumbukumbu yako. Unatamani mama, na sauti yake, anayekujua wewe. Sio dini zote zinazosema habari ya kurudi zinakuahidi hicho. Nyingi zinasema kumbukumbu inafutika. Kwa Plato, mwanafunzi wa huyo Socrates, roho zinakunywa maji ya mto wa usahaulifu kabla ya kuzaliwa tena. Alafu kwa Wahindu na Wabudha kurudirudi sio zawadi, ni mzunguko wa mateso ambao mtu mwenye hekima anatafuta kutoka. Wengi wanaoingia kwenye mjadala huu wakiwa na msiba hili hawaambiwi, na linauma likija ghafla, bora ulisikie kwangu.

Hilo la Biblia nalijibu haraka maana halina ugumu. Kinachosemwa ni kwamba mtaguso wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 553 ulifuta mafundisho ya kurudi kutoka kwenye Biblia. Kilichokuwepo ni laana dhidi ya mafundisho yaliyohusishwa na Origen, msomi wa karne ya 3, hasa kwamba roho za watu zilikuwepo kabla ya miili. Hilo ni jambo tofauti na kurudi mwili hadi mwili, na Origen mwenyewe, kwenye maelezo yake juu ya Injili ya Mathayo, anakataa kwamba roho ya Eliya ilihamia kwa Yohana Mbatizaji. Na tuna nakala za Biblia za karne ya 4, zilizoandikwa karibu miaka 200 kabla ya mtaguso huo, moja iko Vatikani na nyingine sehemu kubwa iko London. Hamna sura ya kurudi iliyonyofolewa. Mtu anaweza kubishana kuhusu maana ya mstari fulani, mfano pale wanafunzi wanapouliza kuhusu aliyezaliwa kipofu kwenye Yohana 9, kama alitenda dhambi yeye au wazazi wake, huo ni mjadala halali. Ila kusema ilifutwa, hapana.

Na kwa kuwa umelelewa kanisani, rudi Mwanzo 2:7 usome pole pole. Mungu anamfanya mtu kwa mavumbi, anampulizia pumzi, na Biblia yetu ya Kiswahili inasema mtu "akawa nafsi hai." Akawa. Haisemi akapewa nafsi kama mtu anavyopewa koti. Ndo maana tumaini la Ukristo wa mwanzo lilikuwa ufufuo, mtu mzima kuinuliwa, zaidi ya roho kuruka peke yake. Wakristo wenyewe wamejadili hili toka zamani. Na ndugu Waislamu kwenye Kurani, sura ya 17 aya ya 85, wanaambiwa roho ni katika mambo ya Mola na kwamba wanadamu wamepewa elimu kidogo tu. Sasa wewe kuuliza jambo ambalo vitabu vyenyewe vinakiri ni zito, kupotea kunatokea wapi? Unaweza kuelewa vizuri kabisa Nagasena anasema nini na Jumapili ukaenda kanisani kwako. Kuelewa hoja ya mtu sio kuhamia kwake. Likikusumbua bado, tafuta mchungaji au padri asiyeogopa maswali mkae mzungumze uso kwa uso.

Mlango wa bluu. Siwezi kukuambia umetoka wapi, ila naweza kukueleza kumbukumbu inavyofanya kazi. Kila ukikumbuka jambo unalijenga upya, na unapolijenga ubongo unaweza kupoteza chanzo, picha inabaki lakini ulipoipata panafutika, inaweza kuwa kwenye kitabu cha picha au nyumba uliyopelekwa ukiwa mgongoni. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake walitoa utafiti mdogo wa watu wazima 24, waliwapa visa vya utotoni vya kweli wakachanganya na kimoja cha uongo, kwamba walipotea dukani wakiwa wadogo, na karibu robo yao wakakikumbuka, wengine kwa sehemu tu, wengine kizima. Hawakuwa wanadanganya. Wewe pia sikuiti muongo, nasema kumbukumbu kuwa kali sio ushahidi wa ilikotoka.

Hapohapo nimalizie na huyo wa inboksi. Usimlipe. Mwaka 1952 kule Colorado, Marekani, mwanamke aliyeingizwa kwenye hipnosi, ule usingizi wa kuongozwa na sauti ya mtu, alianza kuongea kama Bridey Murphy, mwanamke wa Ireland wa karne ya 19, na kitabu cha kisa hicho kilipotoka 1956 kilitikisa nchi. Waandishi wa habari wa Chicago wakagundua kuwa utotoni aliishi karibu na jirani mwenye asili ya Ireland aitwaye Bridie. Hata Ian Stevenson, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Virginia ambaye alikusanya visa zaidi ya 2,000 vya watoto wanaodai kukumbuka maisha mengine, mtu aliyelichukulia jambo hili kwa uzito kuliko wasomi wote wa wakati wake, hakuiamini hipnosi kama njia ya kufika huko. Mtu akiwa kwenye hali hiyo anafuata anachotarajiwa kuona. Wewe una msiba na umeahidiwa mama, utamuona, alafu hutaweza tena kutenganisha mama yako halisi na yule uliyetengenezewa. Kumbukumbu zako za kweli za mama ni mali yako, usimpe mtu azichezee. Na wasimamizi wa grupu waambie kuna mtu anawafuata wafiwa pembeni anaomba hela.

Mtoto wa dada je? Stevenson aligundua wengi wa watoto hao huanza kusema kati ya miaka 2 na 5 na huacha wakifika kama 7 au 8, na yeye mwenyewe alisema visa vyake "vinaashiria" tu, hakusema vinathibitisha. Wakosoaji wake wanasema vingi vimetoka sehemu ambazo watu tayari wanaamini, na mara nyingi familia mbili zilishakutana na kulinganisha maneno kabla mtafiti hajafika. Mimi naona wana hoja, ingawa kuna visa vichache ambavyo nikivisoma bado vinanikalisha kimya. Kwa huyo mdogo wenu, kumbuka mtoto wa miaka mitatu bado anachanganya jana na kesho, na "nilivyokuwa mkubwa" ni sentensi ya kawaida sana kwa umri huo. Asiulizwe "ulikuwa nani, ulikuwa bibi?" maana atajibu ndio ili mfurahi, na kesho atakuwa na hadithi ndefu ambayo ninyi ndo mmemwandikia. Akisema kitu mwambie "ehe, alafu?" basi, ukipenda andika maneno yake kwenye daftari na tarehe. Jina lake usilipeleke kwenye grupu.

Sasa grupu, uondoke au ubaki? Mimi naona ubaki kwanza, ila ingia kwa mlango mwingine. Wewe ulianza na hitimisho, na watu waliozoea kujadiliana wakiona hitimisho la mgeni wanalirukia, hawajui nyuma yake kuna mama. Wiki tatu ulizokaa kimya unasoma hazijapotea, naamini sasa hivi unajua nani anajibu kwa utulivu na nani anapenda kushinda tu. Mchague mmoja wa hao watulivu umuulize kitu kimoja kidogo, mfano: "Ulisema roho haifi, unamaanisha uhai, kumbukumbu au kitu kingine?" Kabla ya kumpinga mtu rudia hoja yake kwa maneno yako mpaka aseme ndio nilimaanisha hivyo, utashangaa joto linavyoshuka. Usiwe na haraka ya kujibu kila anayekuchokoza usiku. Habari za mama zibaki kwako hadi umwone mtu unayemwamini, sio kwamba ni aibu, ila pale mezani kila kinachowekwa kinakatwakatwa, na mama sio hoja. Kama baada ya hapo bado wanakutukana ukiuliza kwa heshima, ondoka bila kuaga wala kueleza, kuna watu wengi duniani wa kuongea nao mambo haya.

Ukweli ni upi? Umeniuliza na sitakukwepa. Mimi sijaona ushahidi unaonishawishi kwamba mtu anarudi kwa mwili mwingine akiwa yuleyule, na sijaona pia maelezo yanayomaliza kabisa swali la ni nini kinachonifanya niwe mimi. Nimeishi na hayo mawili pamoja muda mrefu na bado nasali na bado nasoma.

Kitu cha mwisho na nakuomba ukichukulie kwa uzito. Huzuni ya mwaka mmoja kwa mama ni kawaida kabisa, haina ratiba. Lakini kama hulali, huli, kazi au masomo vimesimama, au unakesha unasoma habari za kifo hadi asubuhi, nenda kaonane na daktari au mshauri nasaha, ana kwa ana. Na kama wazo la kurudi limeanza kukuambia kwamba bora ufe uanze upya, au umfuate mama, usingoje hata kesho. Leo hii mwambie dada yako au mtu yeyote aliye karibu akae na wewe, na mwende hospitali pamoja. Hujaandika hivyo na sisemi uko hivyo. Nauliza kwasababu watu huwa hawaandiki. Nijibu hilo kwanza, ya roho tutaendelea nayo baadaye.